Spea Uliipima Lini?

Tulikuwa tumeipita Doma, hatujaingia bado eneo la hifadhi ya Mikumi, saa mbili usiku. Nilisimama pembeni ya barabara na matairi mawili yasiyo na upepo: moja lipo kwenye gari, lingine nimelishika mkononi. La kwenye gari lilikuwa limechomwa na kipande cha chuma. La mkononi ndilo spea, na lilikaa chini ya zulia la buti tangu gari litoke bandarini. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeligusa. Jeki nilikuwa nayo, wili spana ninayo, na pembetatu mbili mpya zilikuwa ndani ya boksi lake, maana askari wa usalama barabarani huziulizia. Kwa orodha yoyote utakayoandika, gari langu lilikuwa limekamilika.

Lori la mizigo lililokuwa likielekea Tunduma likapunguza mwendo na kusimama mbele yetu. Utingo akashuka. Alimwona kwanza mama mkwe wangu, amekaa kwenye jiwe amejifunika khanga, akamwamkia, "Shikamoo mama." Alipoitikiwa ndipo akaja kwangu, akalibonyeza lile tairi kwa kidole gumba.

"Dada, hii spea uliipima lini?"

Sikuwa na jibu. Akacheka kidogo, bila dharau, akaenda kuvuta mpira mwembamba kutoka kwenye mitungi ya upepo ya breki za lori, na baada ya dakika chache spea ikawa ngumu kama jiwe. Tulilala Mikumi mjini, asubuhi fundi pancha akaziba tairi, safari ikaendelea. Hakuna aliyeumia. Lakini swali la yule kijana nimelibeba hadi leo, na ushauri wote nitakaokupa humu umetoka kwenye swali hilo. Madukani kuna mabegi yaliyoshonwa vizuri, yamejaa vifaa vya dharura, zipu haijafunguliwa tangu kiwandani. Unaweza kulinunua moja. Ila kitu ambacho hujawahi kukishika kwa kazi yake, mchana, nyumbani kwako, usikihesabu kuwa unacho.

Basi tafuta Jumamosi moja asubuhi, weka gari mahali tambarare, toa kila kilichomo kwenye buti mpaka ulione bati.

Spea kwanza. Gari nyingi za mtumba zinazoingia kutoka Japani zina mojawapo ya mambo matatu. Kuna zenye tairi kamili, sawa na yale manne yanayotembea. Mwenye hilo ashukuru. Kuna zenye tairi jembamba ambalo mafundi hulitania kuwa ni la baiskeli. Hili lina masharti yake, na yameandikwa ubavuni: upepo wake ni psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida la gari dogo, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Mafundi pancha wengi hulijaza 30 kwa mazoea, kisha mwenye gari anashangaa linavyolala. Simama naye mpaka geji isome 60. Na ulijue kwa lilivyo: kazi yake ni kukufikisha kwa fundi, si kukupeleka harusini Mbeya.

Aina ya tatu ndiyo inayowatia watu aibu njiani. Unainua zulia, hakuna tairi. Kuna kichupa cha dawa na pampu ndogo ya umeme. Dawa hiyo huziba tundu dogo la msumari kwenye uso wa tairi. Ukipasuka ubavu haifai kitu, na kichupa chenyewe kina tarehe ya mwisho ambayo kwa gari lililokaa miaka kumi huko lilikotoka huenda ilishapita zamani. Gari lako likiwa la namna hii na unasafiri mikoani, nunua tairi la mtumba na rimu yake inayoingia kwenye hab za gari lako. Litakula nafasi ya mizigo. Acha gunia moja la mchele.

Ukishaipata spea yenye upepo, badilisha tairi kweli, mwanzo hadi mwisho, kwa mikono yako. Hapo ndipo utakapojua siri za gari lako. Huenda wili spana haiingii kwenye nati kwa sababu aliyekuwa na gari kabla yako alifunga rimu za urembo, na matundu ya nati ni membamba. Huenda kila tairi lina nati moja isiyofanana na wenzake: hiyo ni nati ya kuzuia wezi, na ufunguo wake, kipande cha chuma kidogo kama soketi, uko kwenye kijisanduku cha dashibodi, au uko kwa fundi wa mwisho, au ulibaki Japani. Kama haupo, mpelekee fundi azing'oe zote nne na kuweka nati za kawaida. Mjini ni kazi ya saa moja. Porini usiku haina dawa.

Kisha nati zitagoma. Fundi alizikaza kwa mashine ya upepo, wewe una mkono. Tembelea wauza vyuma chakavu, tafuta bomba la chuma la nusu mita linaloweza kuvishwa kwenye mpini wa wili spana. Mpini ukiwa mrefu, hata mtu mwembamba kama mimi anaifungua nati kwa uzito wake tu. Legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo unyanyue. Jeki ina mahali pake chini ya gari, penye alama mbili ukingoni. Ukiiweka popote unatoboa bati. Ikikaa juu ya mchanga au udongo uliolowa huzama yenyewe badala ya kunyanyua gari, hivyo beba kipande cha ubao mgumu, upana wa sahani, unene wa inchi mbili. Beba na vigingi viwili vya mbao vya kuzuia matairi yasibingirike. Wakati gari liko juu ya jeki, ingiza lile tairi bovu chini ya bodi, karibu na jeki: jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi, si mguu wako.

Geji ya kupimia upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara navyo viwemo. Pampu hizo ndogo zina kelele na ni za taratibu, ila zinafanya kazi, nawe hutalazimika kungoja lori la Tunduma.

Ukiwa bado umepiga magoti hapo, tazama chini ya dashibodi upande wa abiria wa mbele, karibu na miguu yake. Kwenye gari la Japani utakuta kifimbo chekundu cha plastiki, kifupi kuliko shubiri, kimebanwa ukutani. Watu wengi wameishi nacho miaka bila kujua ni nini. Mimi niliambiwa ni tochi mbovu. Ni kimulimuli cha moto. Sheria ya Japani inataka kila gari liwe na kitu cha aina hiyo. Unachomoa mfuniko, unasugua kichwa chake kama njiti ya kiberiti, kinawaka moto mwekundu kwa dakika tano hivi ili magari ya nyuma yakuone. Muda wake wa kutumika ni miaka minne tu tangu kitengenezwe, kwa hiyo chako huenda kimeshapitwa. Hiki usikijaribu nyumbani, usiwaachie watoto, na usikiwashe mahali penye harufu ya petroli. Badala yake nunua taa ndogo ya betri inayowakawaka, yenye sumaku ya kunata kwenye bati.

Tochi ya kuvaa kichwani ni bora kuliko ya mkononi, maana kubadilisha tairi kunataka mikono yote miwili. Usiniambie simu inatosha. Niliishika simu kwa meno usiku ule.

Waya za kubusti betri zinauzwa kila kona, na nyingi ni plastiki nene iliyozunguka uzi mwembamba. Zishike mkononi: nzuri zina uzito. Utaratibu ni nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata wakija vijana ishirini.

Kamba ya kuvutia gari nayo ina siri yake. Watu huifunga kwenye bampa, bampa inabaki na lori, gari linabaki porini. Ndoano ya kuvutia ya magari mengi madogo ni kipande cha chuma chenye pete, kimewekwa pamoja na jeki, na kinakazwa kwenye tundu lililofichwa nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki mbele ya bampa. Kitafute mchana. Na kama gari ni otomatiki, usikubali livutwe safari ndefu matairi yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Giaboksi inaharibika, na gharama yake inazidi ya kukodi gari la kubebea.

Sasa mtungi wa kuzimia moto. Tunaununua kwa ajili ya askari, tunauweka kwenye buti chini ya mizigo, na stika tunaibandika kwenye kioo. Kaa kwenye kiti cha dereva, funga mkanda, fumba macho, nyoosha mkono. Hukuufikia? Basi hauna faida, kwa sababu moto wa gari haukupi nafasi ya kupakua mabegi. Ufunge chini ya kiti cha mbele kwa kishikizo chake. Sindano ya geji iwe kwenye kijani. Poda ya ndani hugandamana kwa mtikisiko wa barabara, hivyo kila mwezi upindue kichwa chini na uutikise mpaka usikie unga unatembea. Mtungi wa kilo moja humalizika kwa sekunde chache tu, hazifiki hata 15, kwa hiyo usiupulize hewani: lenga chini, moto unakotokea. Moshi ukitoka kwenye boneti, usiifungue wazi, maana hewa itaulisha moto. Legeza loki tu, pulizia kwenye mwanya. Poda ikiisha na moto upo, wachukue watu wako muondoke. Gari litanunuliwa jingine.

Hapa niseme jambo ambalo wasafiri wengi hawalipendi. Usibebe petroli ya akiba kwenye kidumu cha mafuta ya kula ndani ya gari. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Mvuke wa petroli ndio unaowaka, na kidumu kilichopigwa na jua ndani ya buti kinautoa kila unapopita kwenye matuta. Ukisafiri mbali, jaza tangi likifika nusu. Hiyo ndiyo akiba.

Maji beba ya aina mbili na usiyachanganye. Dumu la lita tano au kumi ni la rejeta, na la kunawa. Sindano ya joto ikipanda juu, simama, zima injini, fungua boneti, halafu usifanye lolote kwa nusu saa na zaidi. Hapo ndipo wanaume wengi hushindwa. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa ukiwa wa moto unakurushia maji yanayochemka usoni, na maji baridi yakimwagwa kwenye injini iliyochemka yanaweza kupasua silinda hedi. Ikishapoa, shika mfuniko kwa kitambaa kinene, ulegeze taratibu, ongeza maji kidogo kidogo injini ikiwa inanguruma. Maji ya kawaida yatakufikisha mjini. Huko uulize yalikovujia, urudishe na kulanti.

Ya kunywa hesabu angalau lita mbili kwa kila mtu aliyemo, na uyabadilishe kila safari, usiyaache yakapikwa na jua miezi mitatu. Chakula kiwe kile kisichoyeyuka wala kuoza: karanga, korosho, tende, kashata, biskuti kavu. Tende hazina mshindani. Pakiti moja hukaa garini muda mrefu, na mtoto anazila bila kubembelezwa.

Kuna kitu kimoja sijakiona kwenye orodha yoyote ya mabegi ya dukani, nacho ni doti ya khanga. Usiku ule wa Doma, khanga za mama mkwe zilifanya kazi tatu kabla hatujaondoka: moja ilikuwa blanketi lake, ya pili niliipigia magoti kwenye kokoto nilipokuwa nafungua nati, kisha hiyo hiyo ikawa pazia la binti yangu alipotaka kujisaidia. Ya kufutia mikono yenye grisi alinikatalia, na alikuwa na haki. Khanga hutundika mkono uliovunjika, hufunga jeraha linalotoka damu nyingi, huzuia jua kwenye kioo, humbeba mtoto mgongoni mkilazimika kutembea. Iwe ya pamba, si ya nailoni, maana nailoni hainyonyi wala haifungi vizuri.

Dawa sitaziorodhesha kwa urefu. Glavu, bandeji, pamba ya kitambaa, mkasi, sabuni, pakiti za maji ya chumvichumvi, na dawa za mtu wenu mwenye sukari au presha au pumu, za siku mbili zaidi ya safari. Hizo za mwisho zikae kwenye mkoba wa mkononi, maana joto la gari lililofungwa huziharibu. Kuhusu nyoka: usichanje, usifunge kamba, usinyonye. Mtulize mtu, kiungo kisitikisike, mkimbize hospitali.

Simu iwe na chaji, na chaja ya garini ijaribiwe kabla. Andika namba tano muhimu kwenye karatasi, ya fundi wako ikiwemo, kwa sababu simu ikizima hata namba ya mume hukumbuki. Polisi ni 112, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Weka pia noti ndogondogo mahali unapopajua wewe tu. Pesa ya simu ni nzuri mpaka mtandao upotee, na kijana aliyekusukuma kwenye tope hana chenji ya shilingi elfu kumi.

Masika huongeza mambo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga wilayani Kilwa, na magari yakakwama pande zote kwa siku kadhaa. Waliokuwa na maji na chakula cha saa sita walikuwa na cha saa sita. Ukisafiri njia hiyo au nyingine yoyote yenye mito wakati wa mvua, hesabu siku mbili. Ongeza koleo fupi na magunia matupu mawili: gari likinasa, chimba mbele ya matairi, tandika gunia, toa gari kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Lakini maji yakipita juu ya barabara, koleo halina kazi hapo. Maji yaendayo kasi, ya kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kulisomba gari dogo. Simama, rudi nyuma, ngoja.

Nimeziacha pembetatu mwisho, na kwa makusudi. Usiku ule nilifungua boksi lake kwa mara ya kwanza. Miguu yake inakunjuka kwa namna yake, na gizani, malori yakinipita kwa upepo, niliuvunja mmoja. Zikunjue nyumbani mara tatu. Barabarani, washa taa za hazadi, shusha abiria wote upande wa mbali na magari, wavuke mtaro, wasikae ndani wala nyuma ya gari. Kama uko ndani ya hifadhi, wakae karibu na gari na asiwepo wa kwenda kuchungulia kichakani. Mikumi barabara inapita katikati ya wanyama kwa takriban kilomita 50. Wewe vaa kizibao cha reflekta kama cha bodaboda, tembea ukiyakabili magari yanayokuja, pembetatu umeishika mbele ya kifua, hesabu hatua 100 kwenye barabara kuu ndipo uiweke. Ikiwa umesimama baada ya kona au kilima, kama pale Kitonga, iweke kabla ya kona, hata kama ni mbali.

Usipokuwa nazo, fanya kama wanavyofanya madereva wote wa nchi hizi: vunja matawi mabichi, yalaze barabarani kwa kupishana, machache mbali, mengi karibu. Kila dereva anaisoma lugha hiyo. Ila mawe usiyaweke katikati ya lami, na kama umeyatumia kuzuia matairi, usiyaache. Aliyepata msaada huondoka na furaha yake, jiwe la ukubwa wa kichwa linabaki kwenye njia, na wa kwanza kulikuta ni mwenye pikipiki asiye na taa nzuri. Ukishakaza nati ya mwisho, kabla hujawasha gari, chukua tochi, rudi nyuma ukayatoe.